Mbaazi Haina Kiu

Wanangu, mkikuta mbaazi imelegea shambani, majani yameinama kama mtu aliyepokea habari mbaya, msikimbilie ndoo. Nalisema hili hata kabla ya kuwajulia hali, kwa sababu naijua mioyo yenu. Mtu mwenye huruma akiona kitu kimelegea, mkono wake unakwenda kwenye maji wenyewe. Wangu ulikwenda. Haya sasa, hamjambo?

Mimi naitwa Tunu. Nilikuwa mhudumu wa shamba na maabara katika kituo cha utafiti wa mazao huku Kibaha. Nimestaafu juzi juzi tu. Wamenipa keki, kitenge, na kiti cha plastiki cheupe, eti nikapumzike. Hicho kiti sijakikalia sana. Shule yangu iliishia darasa la saba lakini kichwa changu hakijawahi kuishia mahali. Tangu utoto naota ndoto mchana, na ndoto haziji vizuri ukiwa umekaa. Wenzangu wakipalilia wanawaza mchana watakula nini. Mimi nilikuwa nawaza mbaazi yenye shina nene kama nguzo ya umeme, watoto wamepanda juu wanachuma, mama zao chini wamekinga ungo. Mzee Maganga, aliyenifundisha kazi, alikuwa akija kunipungia mkono mbele ya macho.

"Bibie, rudi. Saa ya kutoka bado."

Wengi wenu mbaazi mnaijua ikiwa sahanini, imelala kwenye tui la nazi na andazi pembeni. Sisi tuliijua ikiwa na homa. Kituo kilikuwa na kipande kimoja cha shamba kilichozungushiwa uzio, tukakiita Wodi. Udongo wa mle ulikuwa umejaa kuvu wa mnyauko, na tulimfuga makusudi kama mtu anavyofuga mbwa mkali. Mbaazi zilizokufa mle tulizikatakata na kuzifukia mle mle, ugonjwa usije ukapungua. Ikiletwa mbegu mpya na mtu anataka kujua kama itauweza mnyauko, inapelekwa Wodini. Ikisimama, ina kitu. Ikilala, umejua.

Tena kila baada ya mistari michache tulipanda mstari mmoja wa mbaazi dhaifu, ile ambayo tunajua kabisa itakufa. Huo mstari tuliuita shahidi. Shahidi akifa, tunajua ugonjwa umefika pale, kwa hiyo jirani yake aliyesimama kasimama kweli. Shahidi akipona, msimu mzima ni kazi bure. Huwezi kumsifu mtu kwamba ni jasiri na simba mwenyewe hakutokea.

Hayo nimewaeleza vizuri. Mimi sikuelezwa vizuri hivyo, au nilielezwa nikiwa juu ya mbaazi yangu ya nguzo ya umeme. Nilipokuwa bado mgeni kazini niliachiwa zamu ya mchana, nikawaona mashahidi wote wameinamisha vichwa. Maskini! Nikachota maji kisimani, nikarudi, nikachota tena, nikawanywesha wote mpaka udongo ukawa uji. Nilikuwa naimba kabisa. Mzee Maganga akatoka kula, akasimama kwenye uzio, akatazama.

"Nani kawaosha marehemu?"

"Walikuwa na kiu, Mzee."

"Wamekuambia?"

"Si wanaonekana?"

Hakunigombeza. Aling'oa mmoja, akatoa kisu chake kidogo cha mpini wa mfupa, akalipasua shina kwa urefu kuanzia kwenye mizizi. Ndani, pale panapotakiwa kuwa peupe, kulikuwa na michirizi ya kahawia iliyokolea, kama masizi ndani ya bomba la jiko.

"Hii ndiyo mishipa yake ya maji," akasema. "Kuvu kaingia kwa mizizi, kapanda huku, kaziba njia, na humo ndani anatema sumu. Huyu ungemtumbukiza mto Ruvu angekufa amelowa. Halafu maji yako hayo yametiririka, yamembeba kuvu mpaka kule ambako tulikuwa hatujampeleka. Sawa, Mama Huruma?"

Jina hilo likabaki. Mpaka siku ya keki waliliandika kwa krimu juu ya keki, na wakakosea wakaandika "Huluma".

Sasa kabla sijasahau, shikeni hili. Mmea wenye kiu ukiuangalia alfajiri, kabla jua halijakaa vizuri, utaukuta umejinyoosha. Ubaridi wa usiku umeupumzisha. Mmea wenye mnyauko alfajiri uko vile vile mlivyoagana. Mwenye kiu ana wenzake shamba zima. Mwenye mnyauko anaanza peke yake, au kikundi cha wawili watatu, katikati ya wenzao walionona, na kikundi kinapanuka kama mafuta kwenye nguo. Tazameni na shina chini: mara nyingi utaona mstari wa zambarau unapanda kutoka ardhini, upande mmoja tu, kama mtu aliyevaa soksi moja. Mkibaki na shaka, pasueni. Shina halidanganyi.

Baadaye nikaongezewa kazi ya maabara. Huko nilimkuta Dokta Rehema, mtafiti wetu, mama mpole mwenye sauti ya chini hata akikasirika. Siku ya kwanza alinipa viazi mviringo nimenye. Nikafurahi, nikajua leo kuna chipsi. Nikachemsha, nikachuja, nikaambiwa tia sukari. Nikatia. Nikauliza tunakula saa ngapi.

"Si chetu," Dokta akasema. "Ni chakula cha kuvu."

Wanangu, yule kiumbe alikula viazi na sukari, na sisi tunakwenda kantini kugombania maharage! Supu yake inawekwa kwenye chupa, anapandwa humo, chupa zinatikiswa kwenye mashine polepole kama mtoto anabembelezwa. Baada ya siku kadhaa supu inabadilika rangi. Ndipo tunachuja kwa kitambaa, tena kwa karatasi, tena kwa kichujio chembamba ambacho kuvu hapiti hata chembe yake. Kinachobaki ni maji yenye rangi ya chai ya rangi. Kuvu hayumo. Alichokitema kimo.

Halafu tunakata kijiti cha mbaazi kizima, kichanga, hakina ugonjwa wowote, tunakisimamisha kwenye yale maji. Kingine pacha wake kwenye supu ambayo kuvu hajawahi kuigusa. Unakwenda kunywa chai, ukirudi wa kwanza kaanza kulegea shingo. Kuvu hayumo, mizizi hana, jua halipo, na maji yamemfika shingoni. Analegea kwa sumu peke yake. Dengu nayo ina mnyauko wake, wa kuvu anayefanana na huyu kama ndugu. Tuliwahi kuletewa mbegu zake kutoka Kanda ya Ziwa tukazijaribu hivyo hivyo, mambo ni yale yale.

Na msije mkachanganya na ile sumu kuvu ya mahindi na karanga mnayoisikia redioni, inayodhuru watu. Hiyo ni kesi nyingine na kuvu mwingine. Huyu wetu ugomvi wake ni na mmea.

Basi. Yote hayo ni utangulizi wa Shangazi.

Shangazi Salome, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kule Kisarawe upande wa Maneromango. Alikuwa na mbaazi zake ambazo sijaziona pengine popote: kubwa, nyeupe ya maziwa, zenye madoa ya kahawia kama yai la kwale. Zikiiva zinalainika zenyewe, huhitaji magadi. Mbegu aliipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Zamani nusu ya kijiji walikuwa nayo. Mmoja akahamia kwenye nanasi, mwingine mihogo, mwingine akauza shamba akaenda Dar, hata ikabaki nyumba moja tu. Kwa Shangazi. Nilipokuwa mdogo nikilia usiku kwa ajili ya mama, alikuwa akinipikia zile mbaazi asubuhi, ananisogezea bakuli tu. Kwangu mimi zile hazikuwa mboga. Sijui niseme zilikuwa nini.

Mwaka ule nilikwenda kumsalimia wakati wa kipupwe, mbaazi zikiwa kwenye maua. Nikamkuta anatoka kisimani, ndoo kichwani, kanga imelowa begani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri, shika ndoo ile nyingine. Jua mwaka huu limenipania mimi peke yangu."

"Shangazi, si mvua imenyesha juzi?"

"Imenyesha. Hazishibi."

Nilijua kabla sijafika shambani. Nusu ya shamba ilikuwa imesimama imekauka na majani yake juu, na iliyobaki ilikuwa imeanza kulegea kutoka kwenye mkondo wa maji aliyokuwa akimwaga. Alikuwa akibeba ndoo asubuhi na jioni, mama wa umri ule, akimnywesha mgonjwa maji yanayombeba mchawi. Nikapasua shina moja. Michirizi ile ile.

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi, mishipa, kuvu, sumu. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu la jirani. Nikamwambia hizi ng'oa uchome moto, usizifukie, maana kuvu hukaa kwenye mabaki ardhini miaka na miaka. Pumzisha shamba, panda mtama, panda mahindi, mbaazi zisirudi hapa kwa misimu kadhaa. Na majembe yaoshwe, maana udongo unasafiri.

"Na mbaazi zangu nipande wapi? Kichwani?"

Nikaona bora mikono ifanye kazi. Nikaomba jembe lake, nikang'oa zilizokufa, nikachoma. Nilipomaliza nikafanya kama tulivyozoea kituoni: nikalisugua jembe kwa maji na sabuni mpaka likang'aa, nikalianika, nikamrudishia kwa mikono miwili. Nilikuwa najiona mstaarabu kweli.

Shangazi akalitazama. Akalipokea, akakaa kwenye kigoda.

"Tunu. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Shangazi."

"Mbona umeninawa?"

Nikasahau, wanangu! Nimekulia pale pale na nikasahau. Kwao, jembe la kuazima halirudishwi limeoshwa. Linarudi na udongo wake kidogo, kama sahani ya jirani isivyorudi tupu. Udongo ule maana yake nitakuja tena, bado tunadaiana kulima. Jembe safi anarudishiwa mtu ambaye umemaliza naye.

"Kituoni ndivyo tunavyofanya," nikasema, na huku nasikia maneno yangu yanavyozidi kuharibu.

"Kituoni," akasema. "Sawa. Mimi si wa kituoni."

Niliondoka kesho yake hajanisindikiza mpaka njiani. Kwa Shangazi yangu, hiyo ni sawa na kupigwa. Nilipanda bodaboda nikalia mpaka dereva akapunguza mwendo. "Mama, nimekimbiza sana?" Nikamwambia twende tu, ni vumbi.

Dawa ilikuja kwa njia ya macho. Shangazi alipata rufaa ya macho kuja hospitali ya Tumbi, hapa Kibaha, akalazimika kulala kwangu. Bado alikuwa ananijibu kwa neno moja moja. Nikamwomba Dokta Rehema ruhusa nimlete kituoni, akakubali. Mlangoni tukamkuta Mzee Maganga.

"Huyu ndiye Shangazi? Karibu sana. Mimi Mnyamwezi wa Tabora."

Shangazi akasimama palepale; Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Uso wake ukafunguka, mara ya kwanza tangu lile jembe.

"Ala! Mtani! Kumbe ndiyo maana mbaazi zetu zinakufa. Babu zako walipita kwetu na mizigo wakala shamba zima, na wewe umekuja kumalizia?"

"Mlitupa chakula kibichi, Mzaramo. Ule mzigo wa kuhara nani aliubeba?"

Wakacheka wakashikana mikono, na mimi nikapumua. Mtani ana ufunguo wa milango ambayo ndugu umefungiwa.

Dokta alimweka Shangazi kwenye stuli mbele ya chupa mbili, ya kulia ndiyo yenye maji ya kuvu. Hakueleza kitu. Alimpa mkasi, akamwambia, mama, kata mwenyewe vijiti viwili kwenye chungu kile cha mbaazi, uvichague mwenyewe. Shangazi akachagua kwa muda mrefu, kama anachagua kuku. Akasimamisha kimoja kwenye chupa hii, kingine kwenye ile. Tukamletea chai. Akawa anakunywa huku macho yake, yale mabovu, hayabanduki kwenye chupa.

Cha kulia kikaanza. Majani ya juu yakapoteza nguvu, yakageuka kidogo, shingo ikainama. Shangazi akainuka, akakisogelea, akaweka kidole kwenye chupa kwa nje, kupima maji yalipofika.

"Maji anayo," akasema.

"Anayo, mama," Dokta akajibu.

"Mpaka hapa anayo. Na anakufa." Akakitazama cha kushoto, kimesimama. "Kwa hiyo hana kiu. Analishwa sumu."

"Ndiyo, mama."

Akanigeukia. "Tunu, nilikuwa naamka alfajiri kuchota. Magoti yananiuma, nachota. Nikasema sizipendi vya kutosha ndiyo maana hazishibi."

Hapo sikuwa na sayansi yoyote. Nilimshika tu mikono, na yeye akaacha nimshike. Baadaye kidogo akasema, akiwa bado ameangalia kile kijiti, "Basi lile jembe, ulikuwa unaninawia sumu." Nikasema ndiyo, Shangazi. Akasema, "Ungeanza na chupa, ukamalizia na jembe." Mzee Maganga akadakia kwamba huyo mtoto wenu huwa anaanza mwisho, yuko juu ya mti wa mbaazi.

Lakini kuelewa si kupona. Mbegu ilikuwa bado inakufa. Shamba la mwaka ule halikutoa kitu, na mbegu ya akiba iliyokuwa kwenye kibuyu chenye majivu fukusi, wale wadudu wa ghalani, walikuwa wameshaifikia. Ilibaki kidogo chini. Dokta akamweleza wazi: mbegu za kienyeji zimechanganyika, hazifanani kama ndugu wa tumbo moja wasivyofanana. Huenda mle kuna chache zenye nguvu ya kuuhimili mnyauko. Kwa macho hazijulikani. Njia ya kuzijua ni kuzipanda Wodini.

"Wodini ni wapi?"

Nikampeleka kwenye uzio. Akawaona mashahidi, wamekauka mstari mzima.

"Nizilete mbegu za mama yangu zife humu?"

"Zilizo dhaifu zitakufa, Shangazi."

"Na kama zote ni dhaifu?"

Mzee Maganga safari hii hakutania. Dokta akasema tunaweza kupanda nusu, nusu nyingine tukaitunza kwenye jokofu. Shangazi akasema atafikiri. Akarudi kwao na miwani mpya na akafikiri mpaka karibu na mvua, mimi Kibaha silali vizuri. Kisha siku moja nikamwona anashuka kwenye bodaboda hapo kwangu, kibuyu kakipakata kama mtoto aliyetoka kuzaliwa.

"Zote," akasema.

"Shangazi, Dokta alisema nusu…"

"Nusu ya kidogo ni nini? Nikibaki na nusu nitabaki na woga. Nikizipanda kwangu zinakufa, nikiziweka zinaliwa na wadudu. Kama kuna jasiri humu ndani, mpeni nafasi atokee."

Tulizipanda siku hiyo, yeye na mimi, tumechuchumaa pande mbili za mstari. Kila mbegu aliishika kidogo kabla ya kuiachia. Kulia kwetu na kushoto, Mzee Maganga akapanda mashahidi. Tulipotoka Wodini tukanawa miguu, tukasugua majembe kwa sabuni, na Shangazi alisugua kuliko sote.

Msimu ule nilijifunza kusubiri, wanangu, na hicho hakifundishwi maabara. Ziliota vizuri, zikanenepa, zikatudanganya. Zilipofika kwenye maua mashahidi wakaanza kulala, na mbaazi za Shangazi nazo zikaanza. Asubuhi moja moja, huyu leo, wale kesho. Shangazi alikuwa akinibipu, nampigia.

"Wagonjwa hawajambo?"

"Shangazi, leo kuna…"

"Usiniambie waliolala. Niambie waliosimama."

Basi nikawa namwambia waliosimama. Simu zikazidi kuwa fupi. Kuna siku nilipiga, nikasema wapo, nikakata kabla hajaniuliza.

Waliosimama tuliwavalisha matawi yao vifuko vya chandarua kabla maua hayajafunguka. Hilo nalo mlishike: ua la mbaazi linaweza kujizalisha lenyewe, lakini nyuki akipita anachanganya, anatoka kwa huyu dhaifu anakwenda kwa yule mwenye nguvu, halafu mwakani unashangaa watoto hawajafanana na mama. Ukitaka mbegu iliyo safi, funika. Mzee Maganga alisema nyuki ni kama vijana wa Zegereni, kule viwandani, siku ya mshahara. Sitaki kesi na vijana wa Zegereni, nimenukuu tu.

Maganda yalipokauka nikamwita Shangazi aje avune mwenyewe. Dokta alikuwepo, Mzee Maganga alikuwepo, amevaa koti. Mashahidi wote walikuwa wamekufa, kulia na kushoto, hakuna aliyebakia, simba alitokea. Na katikati, katika mistari yetu mirefu iliyokauka, hapa mmoja, mbele kidogo mwingine, kule mwisho wawili wamekaribiana, zilikuwa zimesimama mbaazi za kijani na vifuko vyao vyeupe vimejaa maganda. Chache. Lakini mbegu ni mbegu, na chache ndiyo mwanzo wa zote.

Nikamshika Shangazi mkono nimpeleke kwa wale wazima. Akauchomoa taratibu. Akainama kwenye mmea wa kwanza uliokauka, akaushika shina.

"Pole," akauambia. "Asante."

Akaenda wa pili. Pole, asante. Wa tatu. Alikuwa anakwenda nao wote, mmoja baada ya mwingine, na wengine aliwafuta vumbi. Aliyekuwa hataki kusikia habari zao msimu mzima sasa hakutaka kumruka hata mmoja. Dokta Rehema alivua miwani yake. Mimi nilikuwa nimeshamaliza ncha ya kitenge kwa machozi.

Mzee Maganga akakohoa. "Mtani, walio hai wako huku."

"Walio hai hawana haraka," Shangazi akasema, bila kuinua kichwa.

Akamaliza mstari. Akageuka, akamaliza na mwingine. Ndipo akanyoosha mgongo, akaenda mpaka kwenye ile mbaazi ya kwanza iliyosimama, akafungua kifuko kidogo, akapasua ganda moja kwa ukucha. Zikatokea nyeupe ya maziwa, zenye madoa ya kahawia. Akazitazama. Akarudisha mbegu kwenye kifuko, akakifunga.

"Na nyie," akaziambia, "msije mkaringa."